Pindo Nililolishona Mara Mbili

Mliponisoma wiki iliyopita, mliniacha nimepiga magoti chini ya gauni la bibi harusi, pini zimenijaa mdomoni, na Mama Pacha anapitishwa mlangoni kwetu huku ameshikwa mikono.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni fundi cherehani. Mimi na mama mdogo tuliitwa hotelini kushona nguo za harusi, tukapewa chumba kimoja cha kulala na kufanyia kazi humo humo. Mkufu wa dhahabu wa mama wa bwana harusi ukapotea. Mama Pacha, msafisha vyumba wa ghorofa yetu, ndiye mwenye funguo zote. Basi, kesi ikaishia hapo.

Alipopita alinililia mimi. "Fundi mdogo, waambie! Wewe unaniona kutwa nzima ninavyoingia na kutoka!"

Sikusema neno. Nilijiambia kwamba nina pini mdomoni.

Wapo kati yenu walionitetea. Wakasema, sasa mtu mwenye pini mdomoni angesemaje? Ahsanteni. Lakini pini hutemwa. Na nikimaliza kusimulia haya ya leo, sidhani kama mtanitetea tena.

Asubuhi iliyofuata kazi ilikuwa ile ile. Mimi nimekaa kwenye cherehani karibu na dirisha, mama mdogo anapiga pasi bitana, na ulimi wake hauna likizo.

"Yule Tausi," alisema. Ndilo jina alilombandika mama wa bwana harusi, kwa mwendo wake. "Jana kaniuliza eti na sisi mifuko yetu imekaguliwa? Nikamwambia kagua, mama, utakuta vifungo na mabaki ya vitambaa. Ukipenda beba ukajishonee foronya."

"Hukumwambia hivyo, mama mdogo."

"Nilimwambia. Kimoyomoyo."

Siku nyingine ningecheka. "Wale pacha sasa wanalala wapi?"

"Pacha gani?"

"Wa Mama Pacha."

Pasi ikasimama. "Kwa jirani, nimesikia. Shona, mwanangu. Hayo si yetu."

Nikashona. Lakini nilikuwa natazama sakafu. Tangu tuhamie pale, Mama Pacha hakuwahi kuingia na ufagio. Alikuwa anapangusa kwa kitambaa kibichi, taratibu, anarudi kinyumenyume kama kaa, ili vumbi lisirukie gauni jeupe. Hakuna aliyemwagiza.

Mama mdogo akashuka kuchukua chai. Joto la pasi lilikuwa limenibana kifua, nikafungua dirisha.

Upepo ukaingia. Pazia la kulia likapepea mpaka likagusa kichwa cha cherehani. La kushoto likatulia tuli, utafikiri kuna mtu analishikilia kwa chini.

Nikainama kushona. Nikainua macho tena. La kulia linacheza. La kushoto limegoma.

Mimi shule niliishia darasa la saba, sina la kujivunia. Lakini mapazia nimeshona mengi. Mahali pa heshima, pindoni huwekwa mnyororo mwembamba wa uzito ili pazia lining'inie limenyooka. Ukiuweka, unaweka pande zote mbili. Hakuna fundi anayeweka upande mmoja akaenda zake.

Hapo nikakumbuka.

Siku tuliyoingia chumba kile nilikuta pindo la pazia la kushoto limepigwa bandi ovyo, mishono mikubwa mikubwa kama meno ya mtoto. Kitu kama hicho mimi sikivumilii. Nikapapasa, nikausikia mnyororo kwa ndani, nikasema aha, wa uzito huu, fundi wao mvivu. Nikalishona pindo lote kwa uzi wetu mweupe, mshono usioonekana kwa nje, kisha nikaichomoa ile bandi.

Mama mdogo alinicheka sana. "Umeajiriwa na hoteli, wewe?"

Sasa nilipiga magoti. Nikafumua nafasi ya kupitisha kidole.

Kitu cha manjano kikanichungulia, nikakivuta kikaniangukia mapajani.

Nikaukumbatia mkono wangu kama nimeungua. Mara mlango ukafunguliwa.

"Chai yenyewe imepoa kama maji ya kuoshea..." Mama mdogo akanyamaza. "Hicho ni nini?"

"Ndio wenyewe."

"Umeutoa wapi?"

"Humu pindoni. Mama mdogo, nililishona mimi. Siku ile ya kwanza. Nilidhani ni mnyororo wa uzito."

Akaufunga mlango kwa mgongo. Akaviweka vikombe sakafuni.

"Kwa uzi gani?"

"Wetu."

"Ule tuliokuja nao?"

"Ule ule."

Akaketi kitandani, juu ya bitana aliyokuwa ameshainyoosha. Mama mdogo hajawahi kukalia kitambaa cha mteja maishani mwake.

"Tuwapelekee sasa hivi," nilisema. "Mama Pacha atoke."

"Tuseme nini?"

"Ukweli."

"Haya, mimi ndiye afande, niambie huo ukweli." Akajishika kiuno pale pale alipokaa. "Mkufu umekutwa chumbani kwa nani? Kwangu, afande. Ameushonea ndani nani? Mimi, afande. Ulijua ni nini? Hapana, afande, nilidhani ni uzito wa pazia. Na nani kakutuma ushone pazia la hoteli, binti? Hakuna, afande, mkono uliniwasha tu." Akanikazia macho. "Wewe ungeamini?"

Kusema kweli, hata mimi nisingejiamini.

"Basi tufanyeje?"

"Urudishe ulipoutoa. Tumalize gauni, tuondoke. Tukishafika kwetu tutawapigia simu, tazameni pindoni, kisha tunakata."

"Na Mama Pacha?"

"Atavumilia kidogo. Yeye watamwachia, hawana kitu mkononi. Wewe wakikuingiza hutoki, maana ushahidi umeushona mwenyewe." Sauti yake ikashuka. "Mama yako alinikabidhi wewe akiwa hawezi hata kuinua kichwa. Maadamu mimi ni mzima, hakuna wa kukufunga."

Nikachukua sindano.

Wasomaji wangu, mara ya kwanza nilishona sikujua. Mara ya pili nilijua. Kila sindano ilipozama nilimwona Mama Pacha, na bado niliizamisha. Na baya kuliko yote, nilishona vizuri. Mkono haukutetemeka hata mara moja. Tangu siku hiyo nauangalia mkono huu wa kulia kama wa mtu mwingine.

"Nenda chini kwa dobi ukaazime pasi nyingine," alisema nilipokata uzi. "Hii imeanza kunuka."

Nikaenda. Chumba cha dobi kiko nyuma, kimejaa mvuke na mashuka. Dobi alikuwa anakunja taulo bila kuniangalia.

"Yule mwenzetu vipi?" nilimuuliza.

"Mtoto wake mmoja ana homa. Wamemwambia akikubali kosa atapelekwa kumwona."

"Akubali nini naye hakuchukua?"

Ndipo aliponitazama. "Fundi, mama mwenye mtoto wa homa unamuuliza akubali nini?" Akanipa pasi. "Shika hapo chini, kamba yake imechubuka."

Nilipanda ngazi nimeamua. Nitamwambia mama mdogo basi, imetosha, twende tukaseme, liwalo na liwe.

Nikamkuta ameshavaa viatu, mtandio begani.

"Zipu imevunjika meno," alisema. "Naenda kutafuta nyingine. Bibi harusi akija mvalishe, na usimbane kifuani, analalamika huyo."

"Mama mdogo, nataka kusema..."

"Nikirudi."

Hakunitazama machoni. Nikadhani ni haya. Hata mimi nilikuwa natazama kamba ya pasi.

Haukupita muda, bibi harusi akagonga. Alikuwa ametoka kusukwa, uso umevutwa na nywele, macho mekundu.

"Fundi mkubwa yuko wapi?"

"Katoka kidogo. Karibu, gauni liko tayari kujaribiwa."

"Nipishe basi nivae mwenyewe."

"Mwenyewe? Jana nimekupima mpaka makwapani, leo ndio unaona haya?"

Hakutabasamu. "Dada, nimesema nipishe."

Nikatoka, nikasimama nje. Ni yeye mwenye shughuli yake. Lakini ubavuni mwa gauni nilikuwa nimeacha pini, na tone moja la damu kwenye kitambaa cheupe ni msiba. Nikarudi kumwonya.

Gauni lilikuwa limetupwa kitandani. Bibi harusi alikuwa chini, magotini, mkasi wangu mkononi, pindo la pazia la kushoto limeachama karibu kutoka ncha hadi ncha.

Tulitazamana.

"Uko wapi?" aliniuliza kwa kunong'ona, lakini ni kufoka. "Umeuweka wapi?"

"Nini?"

"Usijifanye! Nilipouacha haupo!"

Nilipouacha. Nikafunga mlango nikauegemea.

"Ni wewe uliyeuficha?"

Akaanza kulia, ile ya mtu anayeogopa kusikika. "Sikuiba, wallahi sikuiba. Niliuchukua nijione tu kwenye kioo. Kifungio kikakatikia mkononi. Hiki kilikuwa chumba changu kabla yenu. Nikausokomeza hapo, nikaushikiza na ule uzi wa kipakiti wanachowaachia wageni bafuni. Nikasema nitatafuta sonara auunge kabla hajaujua. Mara huyo mama mkwe, hama, hama, mafundi wanataka dirisha kubwa! Na wewe tangu umeingia hutoki. Unakula humu, unalala humu!"

"Si ungemwambia?"

"Humjui. Alimwambia mwanawe nikisikia: huyu msichana wako atatuvunjia kila kitu. Mimi ndio nianze kusema nimevunja?"

"Na Mama Pacha?"

Akageuzia uso dirishani.

"Bibi harusi, nani aliyesema amemwona Mama Pacha akitoka chumbani kwa mama mkwe wako?"

"Alitoka kweli." Machozi yalikuwa yanadondokea pazia. "Alikuwa ametoka kutandika. Nilisema nimemwona anatoka. Sikusema ameiba."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini nimzabe kama nani? Yeye alimsema, mimi nilimshonea. Tofauti yetu iko wapi?

"Nyanyuka," nilisema. "Haujapotea. Nimeushona humo mwenyewe asubuhi hii. Utakuwa umeteleza pembeni. Tuutoe, ujifanye umeuokota kwenye viatu vyako, uwaite watu uwaonyeshe. Mama wa watu atoke."

Akanishika miguu. Akanibusu mikono, hii hii. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona raha. Nikaona kumbe mambo yanaweza kwisha bila mtu kujua lolote juu yangu.

Nikapapasa pembe ya kulia. Tupu. Nikapapasa ya kushoto. Tupu. Nikalishika pindo zima likawa jepesi kama leso.

Nikaokota uzi aliokuwa ameukata. Pembeni kulikuwa na mishono michache imesalia mahali mkasi haukufika. Ilikuwa midogo, misafi, uzi ule ule mweupe. Lakini yangu mimi huinamia kulia. Ile ilikuwa inainamia kushoto.

Ninamjua mtu mmoja tu anayeshona kwa mkono wa kushoto. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano.

"Nini?" Bibi harusi alinitikisa. "Dada, mbona umekuwa hivyo? Uko wapi?"

Sikuwahi kumjibu. Mlango uligongwa mara moja tu, ukafunguliwa.

Akaingia meneja wa hoteli, akiomba radhi. Akaingia mpelelezi aliyemchukua Mama Pacha jana. Akaingia Tausi, shingo mbele. Nyuma yao, kwenye sare yake ile ile ya jana iliyokunjamana, Mama Pacha.

Bibi harusi akalivuta gauni akajifunika kifuani, kama alikuwa anajaribu nguo. Mimi nikalisukuma pindo nyuma ya cherehani.

"Samahanini," alisema mpelelezi. "Huyu amekubali. Anasema aliuficha humu ndani. Haya mama, tuonyeshe."

Mama Pacha akatazama chumba. Chumba alichokipangusa kila siku, alikitazama kama mgeni aliyeshushwa mahali asipopajua.

"Pale," alisema. "Chini ya godoro."

Wakaliinua godoro. Hakuna kitu.

"Basi kabatini, afande. Nimechanganyikiwa kidogo."

Wakafungua kabati. Vitambaa vyetu vikamwagwa chini, vikakanyagwa.

"Anatuchezea huyu!" alisema Tausi.

"Hapana, mama, nitakumbuka. Msikasirike. Nipeni nafasi tu, nitakumbuka. Mliniahidi nikiwaonyesha naenda kumwona mwanangu."

Akageuka akaniona mimi. Nilingoja jicho la lawama. Ningelipokea, nilikuwa nalistahili. Lakini hakuwa na lawama yoyote. Alisogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama wanafunzi wawili kwenye dawati moja:

"Fundi mdogo, nisaidie. Wewe unakijua chumba hiki. Ningeuweka wapi?"

Kitu kikakatika ndani yangu.

"Mwacheni," nilisema. "Mwacheni mama huyu. Hajui. Hajui chochote..."

"Afande! Afande, nimeuona!"

Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Akaingia anahema, mtandio umeanguka, mkono wa kushoto juu. Mkufu ukining'inia vidoleni.

"Nilikuwa napita pale chumba cha mafagio," alisema haraka haraka, bila kunitazama. "Mlango uko wazi. Nikaona kitu kinang'aa kwenye ndoo ya huyu mama. Chini ya vitambaa vyake vya kupangusia."

Ndoo yake. Mama mdogo, ndoo yake!

Tausi akaunyakua mkufu, akaubusu, kisha akapiga ukelele. "Kifungio! Kimevunjika! Amekivunja, mshenzi huyu!"

Nikamtazama bibi harusi. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Na Mama Pacha? Mama Pacha uso wake ulikuwa umefunguka. Mtu aliyekuwa anazama akapata pa kukanyaga.

"Ndiyo!" alisema. "Ndooni! Ndipo nilipouweka, afande, sasa nimekumbuka. Na kifungio ni mimi, nilikivuta kwa nguvu. Si mmeupata? Basi twendeni. Twendeni kwa mwanangu."

Mama mdogo alisikia hayo. Akainama kuokota mtandio wake. Nafikiri hakujua habari za homa. Mimi ndiye niliyezisikia kwa dobi, na mimi sikumwambia.

Meneja akashusha pumzi. Mpelelezi akamshika Mama Pacha kiwiko, wakaanza kuondoka. Mlangoni mpelelezi akasimama, kama mtu aliyesahau kofia, akanigeukia.

"Binti, kuna neno ulikuwa unalisema wakati fundi mkubwa anaingia. Ulisema hajui. Hajui nini?"

Mama mdogo akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Bibi harusi akainua uso. Wote wawili walikuwa wananiomba nikae kimya, kila mmoja kwa lake.

Lakini aliyeniomba kwa nguvu kuliko wote ni Mama Pacha. Alikuwa ananitikisia kichwa juu ya bega la mpelelezi, midomo ikienda bila sauti: usiniharibie, mwanangu, usiniharibie, wananipeleka kwa mtoto.